Uchungu Unaopewa Tuzo

Ukitoka Tarime mjini kuelekea Mugumu, Nyamwaga unaifikia baada ya kilomita 25 hivi. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na ukisonga mbele unaingia Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ni nchi ya kahawa, migomba na ng'ombe. Duniani inajulikana zaidi kwa hadithi mbili. Ya kwanza ni ya binti wa Kikuria anayetoroka nyumbani Desemba ili asikeketwe. Ya pili ni ya kijana anayeingia mgodini kuokota mawe ya mabaki, magwangala kama wanavyoyaita wachimbaji wa Kanda ya Ziwa, na anayekutana na risasi.

Machozi ya hadithi hizi yanalingana. Bahati zao hazilingani. Ya binti imepata filamu, In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018, inayomfuata Rhobi Samwelly na nyumba salama ya Mugumu. Viongozi wetu nao huisema majukwaani bila kumung'unya maneno, maana ukeketaji wa mtoto ni kosa la jinai tangu 1998, na mkosaji ni ngariba, mzazi na mila. Ya kijana imepata mawakili: madai yaliyopelekwa London yakaisha kwa suluhu mwaka 2015, mengine yakafunguliwa Ontario, Kanada, mwaka 2022. Mwaka 2019, waandishi wa mtandao wa Forbidden Stories walipochagua migodi mitatu duniani ambako anayefuatilia habari hujiponza, North Mara ulikuwa mmojawapo. Siwadharau waliosimulia ya binti, wameokoa watu. Ninachosema ni kwamba hadithi ambayo mkosaji wake ana ofisi, wakili na polisi mlangoni ni mzigo wa aina nyingine kwa yeyote anayetaka kuivisha nishani.

Mjadala wa uhuru wa kusema na tuzo za fasihi tumezoea kuuanzia Stockholm, kwenye Nobeli, tukishuka nao taratibu hadi huku kwetu. Mimi nauanzia huku kwa sababu huku unaonekana bila pambo. Swali la kumuuliza mtoa tuzo yeyote ni moja: huyu anayelaumiwa ndani ya kitabu yuko umbali gani na wewe? Akiwa mbali, kwa maili, kwa miaka au kwa cheo, mkono wa mtoa tuzo hukunjuka wenyewe. Akiwa jirani, majaji huanza ghafla kuzungumzia ubora wa lugha na mpangilio wa sura.

Upo mfano mmoja unaokataa kanuni hiyo, na bado sijaona mwingine wa kuushinda.

Desemba 1968, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa 1946, alikamatwa kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Waraka ulikuwa wa kurasa chache tu, ukiuliza serikali ya KANU inaipeleka wapi nchi wakati chama cha upinzani cha KPU kinabanwa kila upande. Mwaka uliofuata akafungwa miaka 3 kwa uchochezi. Alikuwa na umri wa miaka 22. Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliitumikia katika gereza la Kamiti, peke yake katika chumba. Kalamu ilikuwa marufuku, karatasi marufuku. Akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na karatasi hizo zikatoka nje kwa msaada wa askari jela mwenye huruma. Mtu anayejua utenzi na shairi la mizani anajua kazi ya kupanga vina na kuhesabu silabi mezani, mbele ya kikombe cha chai. Huyu alizihesabu kwenye karatasi inayochanika ukiikandamiza, huku akisikiliza hatua za buti korido nzima.

Alitoka Machi 1972, akavuka mpaka kuja Dar es Salaam, akapata kazi kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu. Mwaka 1973 Oxford University Press ya Nairobi ikayatoa mashairi yale kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 chama cha wachapishaji wa vitabu Kenya kikatoa kwa mara ya kwanza tuzo ya fasihi, moja kwa kitabu cha Kiingereza na moja kwa cha Kiswahili. Ya Kiswahili ikaenda kwa Sauti ya Dhiki. Jina la tuzo: Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Kenyatta alikuwa bado Ikulu. Serikali iliyomfunga mshairi ilikuwa ileile. Kitabu kilichoandikwa kwa siri ndani ya jela ya Rais kikapewa tuzo yenye jina la Rais, na mshindi mwenyewe akiwa ughaibuni hatua chache kutoka kwao. Wapo wanaolisimulia tukio hili kama kichekesho cha historia, nami nakubali kinachekesha. Ila lina jibu la kiufundi ambalo wachekaji hulipita: Kenyatta aliazimwa jina, hakupewa fimbo ya kuchagua. Tuzo ilikuwa ya wachapishaji, majaji walisoma vitabu vilivyokwisha kuchapwa na vilivyokuwa madukani, na hakuna wizara iliyopitisha orodha kabla haijatangazwa. Jina juu ya cheti lilikuwa la dola; mikono iliyokijaza ilikuwa ya watu wa vitabu.

Hilo halikuigeuza Kenya kuwa pepo ya waandishi. Desemba 31, 1977, miaka mitatu baadaye, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila mashtaka kwa sababu ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, naye akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni za Kamiti ileile. Mwaka 1986 ikawa zamu ya Wahome Mutahi, mchekeshaji wa magazetini, aliyefungwa katika msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Leo chama kilekile cha wachapishaji kina tuzo nyingine yenye jina la Mutahi, na hupokezana mwaka na ile ya Kenyatta. Mwaka mmoja jina la Rais, unaofuata jina la mfungwa. Sidhani kuna aliyelipanga liwe fumbo, lakini ndivyo ratiba ilivyo.

Sasa tuje Mara. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, iko mkoa huuhuu wa Nyamwaga. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwake, chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia na kwa uratibu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na serikali huchapa mswada wake na kuusambaza shuleni na kwenye maktaba. Kamati iliongozwa na Profesa Penina Mlama, mwandishi wa Nguzo Mama, na kwa heshima yake na ya wenzake sina la kusema. Kwa nchi ambamo mwandishi wa Kiswahili huchapa nakala elfu moja na kuzibeba mwenyewe kwenye buti la gari, tuzo hii ni neema. Anayeibeza hajawahi kuzungushwa na mchapishaji.

Lakini angalia kalenda. Februari mwaka huohuo, miezi miwili kabla ya hafla, wizara hiyohiyo ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo, kwa hoja ya maadili. Taasisi ya Elimu ndiyo pia inayotoa ithibati ya vitabu vya shule, na soko la vitabu nchini, tukisema kweli, ndilo hilo la shule. Kwa hiyo dawati linalofunga mlango, linalotoa kibali na linalotoa nishani ni moja. Hapa si lazima mtu yeyote apige simu kumwambia jaji amwache fulani. Mwandishi anayejua kwamba mswada wake ukishinda utaingia darasani huanza kuupogoa tangu sura ya kwanza. Bosi wa mgodi anageuka kuwa tajiri fulani katika nchi fulani. Polisi wanageuka kuwa majambazi. Na ukeketaji, ambao serikali yenyewe inaupinga, unapanda hadi kuwa kisa kikuu.

Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa upande mmoja katika jambo hili. Aliifasiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969; rais anayekesha akitafuta mizani ya Kiswahili ya hotuba ya Antony si kitu cha kila siku. Ni rais huyohuyo aliyeiacha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 na Sheria ya Magazeti ya 1976, na mwaka huohuo wa 1976 ikaja sheria inayotaka maigizo ya jukwaani na filamu vipate kibali. Sheria ya Magazeti ilifuatwa na ile ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Zikaja kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, zilizomtaka hata mwenye blogu alipie leseni. Jina la Mwalimu juu ya tuzo linabeba urithi huo wote, mfasiri na mtia saini, na tuzo italazimika kuamua inamrithi yupi.

Kuhusu Stockholm nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mengi yamesemwa. Oktoba 7, 2021, Nobeli ya Fasihi ilikwenda kwa Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyezaliwa 1948 na kuondoka kisiwani akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964. Viongozi wa pande zote mbili za Muungano walimpongeza siku ileile, na mitandaoni watu wakashikana mashati: ni wetu au si wetu, na pasipoti yake ni ya nani? Kilichopita kimyakimya ni kwamba kwa miaka zaidi ya 30 ya uandishi wake hakuna aliyekuwa ametoa riwaya yake hata moja kwa Kiswahili. Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022. Msomaji wa Unguja alipewa haki ya kujivunia kabla ya kupewa kitabu.

Na riwaya za Gurnah zinasema mambo kuhusu Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ambayo mtu wa kisiwani aliyabeba kifuani. Pongezi zilikuwa rahisi kwa sababu yameandikwa Kiingereza, Uingereza, nusu karne baada ya tukio. Mlinganishe na Adam Shafi, aliyebaki na Kiswahili. Yeye alitiwa kizuizini baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na riwaya yake Haini, inayoingia ndani ya jela hiyo, ilitoka 2003 kwa Longhorn, Nairobi. Jambo ni lilelile na maumivu ni yaleyale. Hakuna kamati ya Ulaya itakayolisoma bila mkalimani, na serikali iliyo karibu haikuwa na haraka ya kulipamba.

Majaji wa Nobeli huko Uswidi hukaa kama inchama, baraza la siri la wazee wa Kikuria: uamuzi hutoka nje, mabishano hubaki ndani. Wao wameliandika kuwa kanuni, kwamba kumbukumbu zao hufungwa kwa miaka 50. Ndiyo maana hatutajua hivi karibuni kwa nini Ngũgĩ hakupewa. Oktoba 2010 wapiga picha walijazana nje ya nyumba yake Irvine, California, kabla hakujapambazuka. Tuzo ikaenda kwa Mario Vargas Llosa wa Peru, na Ngũgĩ akajikuta akiwaandalia kahawa wageni waliohuzunika kumzidi. Alifariki Mei 28, 2025. Wapo wanaosema siasa zake zilimponza. Naona ni kumpa Stockholm sifa ya ujasiri wa uovu ambayo haijathibitishwa; inatosha kusema kwamba mtu anayeandika Kigikuyu anasomwa na majaji kwa macho ya kuazima.

Ushahidi mzito dhidi ya majaji hao ni kisa cha mwandishi Salman Rushdie. Februari 1989 Ayatollah Khomeini alipotoa fatwa ya kumuua kwa sababu ya riwaya yake, Chuo cha Uswidi, ambamo majaji hao hukaa, kilikataa kuitaja na kuilaani, kikisema hakijihusishi na siasa. Wajumbe waliochukizwa, Kerstin Ekman miongoni mwao, waliviacha viti vyao. Laana yenyewe ilitolewa Machi 2016, miaka 27 baadaye. Chombo kilichompa Pasternak tuzo mwaka 1958, katikati ya vita baridi, na kuona Moscow ikimlazimisha aikatae, hakiwezi kusema hakikujua kwamba tuzo ni siasa.

Je, tuzo humkinga mwandishi? Waganda wamelijibu swali hili kwa miili yao. Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa Aprili 2020 kwa ajili ya The Greedy Barbarian, riwaya ambayo watu waliona sura ya Rais Museveni ndani yake. Oktoba 2021 shirika la waandishi la PEN la Uingereza lilimtangaza Mwandishi Jasiri wa Kimataifa, akichaguliwa na Tsitsi Dangarembga aliyekuwa mshindi wa Tuzo ya PEN Pinter mwaka huo. Desemba 28, hata miezi mitatu haijaisha, askari walivunja mlango wake. Alipotoka aliwaonyesha waandishi wa habari mgongo uliochanwachanwa, na Februari 2022 akatoroka hadi Ujerumani. Tuzo haikumkinga. Naamini ilimsaidia alipokuwa tayari ameumizwa: jina lake lilijulikana kwenye balozi, milango ikafunguka. Stella Nyanzi, aliyefungwa kwa shairi la Facebook kuhusu mama yake Museveni, naye alitunukiwa na PEN Januari 2020 akiwa bado gerezani, akaachiwa Februari kwa uamuzi wa mahakama. Kakwenza na Nyanzi wote wawili waliishia Ujerumani. Tuzo za aina hii zina mwelekeo huo: humpandisha mtu juu sana nje kiasi kwamba nyumbani hapati tena pa kukaa, na fasihi ya nyumbani inapungua mtu.

Katikati ya dola na Ulaya ipo njia ya tatu, nayo nina imani nayo kiasi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mũkoma wa Ngũgĩ, mtoto wa Ngũgĩ, kwa fedha za kampuni ya mabati ya Kenya na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Bodi yake ya wadhamini imeongozwa na Abdilatif Abdalla, mfungwa yule wa Kamiti. Kwa hiyo aliyejua tuzo inaweza kumfikia nani ndiye aliyepewa funguo. Inapokea miswada, na imewatoa akina Anna Samwel Manyanza mwaka 2015, Ali Hilal Ali na Dotto Rangimoto 2017, Zainab Alwi Baharoon 2018. Riwaya kadhaa zilizoshinda zimechapwa na Mkuki na Nyota hapahapa Dar es Salaam. Kampuni ya mabati nayo ina biashara na inahitaji vibali kama wengine, sitaki kujifanya sijui. Tofauti ni kwamba haichapi mitaala, haifungi magazeti, na paa la mtu wa Nyamwaga halihitaji ithibati ya maadili. Udhaifu wa njia hii ni fedha: mfadhili akichoka, imekwisha.

Na ipo tuzo ambayo haipo katika njia zote tatu. Kazi ya Kikuria haina pa kupelekwa. Mzee anayepiga iritungu, ala ya nyuzi ya Wakuria, na kumchamba mwizi wa ng'ombe kwa jina lake mbele ya umati ana uhuru ambao mwandishi wa riwaya hana, ila hana cheti, na akitaka cheti itabidi aingie Kiswahili kwanza, kisha aingie maadili. Ngũgĩ aliyasema haya maisha yake yote na sina cha kuongeza.

Afadhali nimalizie na jirani wa ng'ambo ya maji, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu ilieleza bila kificho msichana aliyelelewa kwa fimbo anavyoharibikiwa. Baadaye ikawa kitabu cha kusomwa na wanafunzi, na mwaka 2025 ikatoka kwa Kiingereza Marekani kwenye chapa ya Chuo Kikuu cha Yale. Maadili yaliyoizuia yalilegea yenyewe. Tamthilia yake Kaptula la Marx ina kisa kingine. Aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwacheka viongozi waliojivika ujamaa kama kaptula iliyowapwaya. Kwa miaka ishirini hivi ilikuwa mswada, ikirudufiwa na kupitishwa mkono kwa mkono chuoni, ikachapwa 1999, mwaka aliofariki Mwalimu.

Ingeletwa leo ikiwa mswada usio na jina la mwandishi, mbele ya kamati ya tuzo yenye jina la Mwalimu, ingeshinda? Baadhi ya wasomi ninaowafahamu hunijibu haraka kwamba isingepita hata mchujo wa kwanza. Mimi nasita. Majaji wetu wanaijua tamthilia nzuri wakiiona, na wengi wao walizisoma nakala zile za chuoni. Mwaka 1974 Nairobi waliweza, kwa sababu waliokuwa wakihesabu alama hawakuwa wanangoja ithibati kutoka kwa aliyechekwa. Utaratibu wa kuwateua majaji na wa kuchapa kazi iliyoshinda ukitoka wizarani na kukabidhiwa chombo huru chenye wachapishaji, waandishi na vyuo, jina la Mwalimu libaki juu ya cheti kama lilivyobaki la Kenyatta. Hilo ni badiliko la kanuni za tuzo tu, halihitaji hata Bunge.